Sailensa ya Eunos Roadster imeoza: kiraka, bomba tupu au nyingine?

Msomaji mmoja wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, ameniuliza swali ambalo nalifupisha hivi. Ana Eunos Roadster, lile gari dogo la Mazda la viti viwili lenye paa la turubai, ya mwaka 1991, injini ya 1.6, iliyoletwa kutoka Japani miaka mingi iliyopita. Sailensa ya nyuma imeliwa na kutu mpaka ina tundu la kuingiza kidole, na mlio wake sasa unaamsha majirani. Fundi wa kwanza amemwambia wakate bati, wachomelee kiraka, basi. Fundi wa pili amemshauri aitoe sailensa kabisa apitishe bomba tupu, kwa hoja kwamba gari la spoti linataka kupumua. Anauliza amsikilize nani, na kama ni kubadilisha, aweke nini. Mwishoni ameongeza, kama jambo dogo tu, kwamba siku hizi akitoka mjini jioni na foleni anafika nyumbani kichwa kinamgonga, na kwa kuwa kiyoyozi kimekufa huwa anafungua zipu ya kioo cha nyuma apate hewa.

Kaka, naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonitia wasiwasi. Kabla hujatafuta sailensa, kabla hujabishana na fundi yeyote, funga hiyo zipu. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na damu huishika gesi hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ndiyo maana kichwa kinauma, na ikizidi unapata kichefuchefu, usingizi, kisha hujui tena kinachoendelea. Gari likiwa linakwenda na turubai limefungwa, nyuma yake panabaki na upungufu wa hewa, na upungufu huo huvuta chochote kilicho karibu. Wewe umeacha dirisha wazi hapo hapo. Sailensa nzima hupeleka moshi hadi kwenye mdomo wa bomba, upande wa kulia, nje ya bampa. Yako inaumwaga chini ya buti, na kwenye foleni unabaki umetanda chini ya gari ukitafuta pa kuingilia.

Na pa kuingilia pako pengine. Inua zulia la buti utazame sakafu. Gari hili betri yake inakaa kwenye buti, na betri ya asili ilikuwa na vimirija vya kutolea hewa vinavyoshuka nje kupitia sakafu. Magari mengi yamekwisha kuwekewa betri za kawaida zisizo na vimirija, na tundu likaachwa wazi. Kuna pia vizibo vya mpira ambavyo baada ya miaka 30 vimekauka au vimedondoka. Washa tochi chini ya gari usiku, mtu mwingine achungulie ndani ya buti: penye mwanga panapita moshi. Ziba. Mpaka sailensa ibadilishwe, liache gari limepaki. Ikibidi kabisa ulisogeze, shusha vioo vyote vya milango, zipu ibaki imefungwa, na usiliwashe ndani ya banda hata kwa dakika moja. Kichwa kikiendelea kuuma hata ukiwa hujaendesha, nenda hospitali, na umweleze daktari habari ya moshi.

Sasa kiraka. Wengi wanadhani sailensa huoza kwa maji ya mvua na matope. Hayo yanachangia, na kwako wewe uliye karibu na bahari hewa yenye chumvi inachangia zaidi. Lakini ugonjwa mkubwa uko ndani. Petroli ikiungua hutoa maji: kila lita 1 ya petroli hutoa takriban lita 1 ya maji, yanayotoka kama mvuke. Mvuke huo ukikuta chuma ambacho joto lake halijazidi nyuzi 50 hivi unageuka kuwa matone, na gesi nyingine za moshi zikiyeyuka ndani ya matone hayo yanakuwa tindikali hafifu. Sailensa ya nyuma ndiyo ya mwisho kupata joto, kwa sababu iko mbali kuliko sehemu zote na injini. Ukienda dukani na kurudi, manifoldi (mabomba yanayotoka kwenye injini) imeshaiva na masega (kisafisha moshi) yamepata moto, lakini sailensa ya nyuma ndiyo kwanza inaanza kuwa vuguvugu. Unazima gari, maji yanatuama humo mpaka safari nyingine. Roadster nyingi ni gari la pili la nyumbani, la kutembelea Jumapili, kwa hiyo huoza mapema kuliko teksi inayokwenda kutwa nzima.

Niliwahi kukata sailensa ya gari kama lako, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaichomelea viraka mara tatu. Nje ilikuwa imepigwa rangi ya fedha, inapendeza. Nilipopitisha grenda pembeni yalimwagika maji ya rangi ya chai, kikombe na zaidi, kisha ukatoka udongo mwekundu ambao hapo zamani ulikuwa chuma. Zile kuta za ndani zinazogawa vyumba zilikuwa zimeachia kabisa, moja imelala chini kama sinia, nyingine ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Viraka vile vitatu vilikuwa vizima kabisa, vimeshikilia ganda lisilo na kitu ndani. Tundu unaloliona leo wewe ni mahali ambapo kutu imemaliza kazi yake na kutokeza nje. Bati linalolizunguka limebaki jembamba kama kopo la soda, na fundi akigusa hapo kwa fito ya kuchomelea tundu linapanuka badala ya kuziba.

Kama huniamini, shika mpini wa bisibisi ugonge sailensa ikiwa imepoa, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine mpini wenyewe unatumbukia. Kisha itikise kwa mkono: ukisikia mchakato kama wa mchanga kwenye debe, hizo ni kuta za ndani. Kiraka ni halali kwa hali moja tu, pale bomba lenyewe lilipotoboka kwa kugonga jiwe huku sailensa ingali nzima. Hali yako si hiyo.

Nije kwa fundi wa pili. Injini yako ina silinda 4. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika inapuliza moshi mara 100 kila sekunde, na kila pulizo ni wimbi la sauti. Kazi ya sailensa ni kuyaingiza mawimbi hayo kwenye vyumba, yarudi nyuma na kukutana na yanayokuja, yauane yenyewe kwa yenyewe. Nyingine hutumia bomba lenye vitundu lililozungushiwa nyuzi za kioo zinazonyonya sauti. Ukiweka bomba tupu, mapulizo yale 100 kwa sekunde yanakuja kukukalia kichwani chini ya turubai, mngurumo mzito usiokoma, na kwenye barabara kuu injini huzunguka karibu na kasi hiyo muda wote. Saa mbili za kwenda Bagamoyo na kurudi zitakutosha kujuta.

Na nguvu utakayopata? Gari lako lilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 120. Sailensa ya nyuma haikuwa inazuia kiasi cha maana. Kuna pia mafundi wanaosema kinyume, kwamba lazima moshi ubanwe ndiyo injini ivute. Hapo nako wamechanganya mambo. Injini haitaki kubanwa. Inataka moshi utoke kwa kasi. Bomba likiwa pana kupita kiasi kasi inapungua, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa, hasa injini ndogo kama hii. Kwa hiyo kipenyo kibaki kile kile cha bomba lako la katikati, au kizidi kidogo sana. Huna kalipa? Zungusha uzi kwenye bomba, upime urefu wake, ugawe kwa 3.14.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalijali, na naomba ulijali. Wahandisi wa Mazda walioiunda gari hii chini ya Toshihiko Hirai walihangaika na mlio wa eksozi kama sehemu ya gari lenyewe. Hawakuuacha utokee wenyewe. Walitaka mwendeshaji aisikie injini ikipanda bila kumchosha. Ukisikia Roadster yenye sailensa nzima ikibadilisha gia ya pili kwenda ya tatu utaelewa. Mlio ule ni mali yako, uliununua pamoja na gari.

Kwa hiyo, badilisha sailensa nzima. Uweke ipi?

Bahati yako ni kwamba gari hili lilitengenezwa kwa wingi. Mwaka 2000 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, waliitambua kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na mwaka 2016 Mazda walifikisha gari la milioni 1. Japani iliitwa Eunos Roadster, Ulaya MX-5, Marekani Miata. Ukitafuta kwa jina la Eunos utapata vichache. Tafuta MX-5 ya kizazi cha kwanza, NA, ya miaka 1989 hadi 1997, na utakuta sailensa mpya zinazofungwa kwa bolti bila kuchomelea chochote, hasa Uingereza na Japani. Usikubali ya kizazi cha pili, NB, kwa kuambiwa tu kwamba inaingia. Omba picha ya flenji, yaani lile bapa la chuma lenye matundu ya bolti linalounga mabomba, na ya pini za kuning'inizia, ulinganishe na yako. Mzigo ni mzito na nauli yake inauma, kwa hiyo kama una ndugu anayeleta kontena, huo ndio wakati wa kumwomba nafasi.

Uliza chuma chake. Chuma cha kawaida ndicho cha bei ya chini, na pwani yetu hukimaliza upesi. Chuma kilichopakwa aluminiamu huvumilia zaidi, mpaka pale kilipokatwa au kuchomelewa, maana hapo ngozi yake imeondoka. Stenlesi, yaani chuma kinachostahimili kutu, ya daraja la 409 hupata kutu ya juujuu lakini haitoboki upesi. Stenlesi ya 304 ndiyo bora kwa mtu anayeishi kando ya bahari. Ukiwa dukani nenda na sumaku ndogo. Ikigoma kunasa, uko karibu na 304. Ikinasa kwa nguvu, si 304, lakini inaweza kuwa 409, kwa hiyo usimwite muuza mwongo kabla hujauliza.

Sailensa iliyotumika kutoka Japani? Mimi nasita. Mikoa ya kaskazini kule humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na sailensa inayong'aa nje unaweza kuikuta imeoza ndani kama nilivyokueleza. Ukiletewa, igonge na uitikise kwa ile njia ya bisibisi kabla hujatoa hela.

Njia ya tatu ni ya hapa nyumbani: kununua sailensa mpya ya kawaida, isiyo ya gari maalumu, na kumpa fundi mzuri pale Gerezani aiwekee flenji na pini. Mimi siidharau hata kidogo. Nimeona kazi za Gerezani zilizodumu kuliko za kununua. Lakini simama hapo hapo na umwambie mambo manne. La kwanza, flenji ya zamani aikate ikiwa nzima na kuitumia kama kielelezo cha kukata mpya ya unene wa milimita 8 au 10. La pili, asitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Likichomelewa zinki hutoa moshi mweupe wenye sumu, na fundi ataugua homa usiku ule ule, hata kama atakuambia amezoea. La tatu, kama sailensa ni ya stenlesi na bomba ni chuma cha kawaida, fito ziwe za 309, maana fito za kawaida zitashika kutu kwenye mshono na kazi yote itaachia hapo. La nne, kama sailensa ina kitundu kidogo chini, asikizibe. Kitundu hicho kimewekwa ili maji yadondoke. Wengi hukiona kinatoa tone wakadhani imevuja.

Kama una haraka, nakushauri hiyo ya Gerezani, ya stenlesi. Kama unaweza kusubiri miezi miwili mitatu bila kuliendesha gari, agiza ya bolti.

Sasa kuifungua. Jioni kabla ya kazi, gari likiwa limepoa, piga nyuzi za bolti za flenji kwa brashi ya waya kisha uzipulizie dawa ya kulegeza kutu. Rudia kabla ya kulala, rudia asubuhi. Subira hii ndiyo inayotenganisha kazi ya saa moja na kazi ya siku nzima.

Asubuhi inua nyuma ya gari kwa jeki ya magurudumu chini ya difu, ambako Mazda wenyewe wamepakubali. Unapoweka stendi, kagua kwanza ule ubavu wa chini ya mlango, hasa karibu na tairi la nyuma. Roadster huoza hapo kuliko mahali popote, kwa sababu mifereji ya maji ya turubai ikiziba maji huingia ndani ya ubavu na kukaa. Ponda kwa kidole gumba. Pakibonyea, usiweke stendi hapo, na ujue una kazi nyingine kubwa kuliko sailensa. Tofali haliwekwi chini ya gari, kamwe. Gari hili liko chini sana. Likishuka hakuna nafasi ya mtu kubaki hai.

Nati nyingi za flenji ni za spana namba 14. Tumia boksi ya pembe 6, siyo ya pembe 12, maana ya pembe 12 huzungusha kona za nati iliyooza. Anza kwa kukaza kidogo, robo ya robo ya mzunguko. Ukisikia ule mlio mfupi wa kukatika, kutu imeachia. Sasa legeza, rudisha, legeza tena, huku unaongeza dawa. Ikigoma kabisa, usikubali fundi alete moto wala grenda chini ya gari. Tenki la petroli la Roadster liko nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma, na cheche hazihitaji mwaliko. Kata bolti kwa msumeno wa mkono wa chuma, taratibu. Mkono utachoka, lakini tenki litabaki salama. Nati na bolti utanunua mpya, na ukipata nati za shaba ndizo zenyewe, kwani haziungani na chuma kwa kutu.

Raba za kuning'inizia zilainishe kwa maji ya sabuni ndipo uzivute kutoka kwenye pini. Usizipake petroli wala oili. Zitavimba na kuoza. Hata hivyo ningezibadilisha zote. Raba ya umri huo ikivutwa inaonyesha nyufa kama ardhi ya kiangazi, na sailensa mpya ikidondoka upande mmoja barabarani itapinda flenji uliyoihangaikia. Raba za Toyota zenye matundu mawili zipo kila duka la vipuri Kariakoo. Chukua ya zamani mkononi, linganisha umbali wa matundu na unene wa pini.

Sailensa ikishatoka, usikimbilie kufunga. Tazama juu. Lile bati la kukinga joto linalotenganisha eksozi na sakafu ya buti mara nyingi bolti zake zimeoza. Likiachia litapiga kelele za bati ambazo utazisingizia sailensa mpya. Tazama pia bomba la katikati kwa kuligonga vilevile, maana hakuna faida ya kuunga kitu kipya kwenye kilichooza.

Kufunga kuna mpangilio. Gasketi mpya, nyuso za flenji zimesuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Tundika sailensa kwenye raba kwanza, ingiza bolti zikiwa zimepakwa grisi ya shaba, nati uzizungushe kwa vidole tu. Kisha sogeza sailensa mpaka iwe na nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye bodi, mabomba ya breki na bampa, pande zote. Tikisa kwa mkono kuona kama inagusa popote. Hapo ndipo ukaze, nati moja kidogo, ya pili kidogo, kwa zamu, ili flenji ikae sawa. Kwa bolti za milimita 10 mimi huishia kwenye Nm 40 hivi. Ukikaza flenji kabla ya kutundika, unaibana ikiwa imepinda, na gasketi itapuliza ndani ya wiki.

Kama kuna sehemu lazima ichomelewe, chora alama kwa chaki ikiwa mahali pake, kisha uishushe ikachomelewe chini, mbali na gari. Akisema lazima achomelee hapo hapo juu, chukua sailensa yako uende kwa mwingine.

Washa injini ikiwa baridi, nje, penye upepo. Mtu ashike kitambaa kinene kilicholowa maji kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde tatu tu, huku wewe unasikiliza flenji. Mshono mzuri haupulizi, na injini itaanza kusinzia kwa kubanwa. Ukisikia mlio wa hewa inayovuja, mwagia maji ya sabuni uone mapovu yanatokea wapi.

Endesha kama kilomita 100, acha ipoe kabisa, kisha rudi na spana namba 14, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini kidogo baada ya kupata moto na nati hulegea. Na kuanzia hapo, mara moja kwa wiki lipeleke gari safari ya nusu saa bila kusimama, mpaka maji yaliyo kwenye sailensa yageuke mvuke na kutoka. Siku za mwanzo utaona matone mdomoni mwa bomba asubuhi. Usishtuke, ni maji ya petroli yanatoka pale yanapotakiwa kutokea.

Ukishaifungua ya zamani, kabla hujaitupa, niletee vipimo vya flenji na umbali kati ya matundu yake. Nitakuambia kama ile unayotaka kuagiza itaingia.